Hereni za ng'ombe zinanitia wazimu

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi nafuga huku Simiyu, ng'ombe wangu walivishwa hereni za kielektroniki, zile za masikioni zenye namba ya kumtambua kila mnyama, sasa wanne zimeshang'oka kwa miiba na mmoja sikio limechanika kabisa, nikienda mnadani naulizwa hereni iko wapi utadhani nimeiba ng'ombe wangu mwenyewe! Chapa ya moto ya babu ilikuwa haipotei bwana. Nichukue ya ng'ombe aliyekufa nimvishe huyu?

JIBU: Marahaba. Hapana, usifanye hivyo, ile namba ni ya mnyama mmoja tu, ukimvisha mwingine kumbukumbu zinasoma dume kumbe ni mtamba, yaani jike ambalo halijazaa, na hapo ndo utaonekana mwizi kweli. Nenda kwa afisa mifugo wa kata aandike iliyopotea, akupe nyingine. Kuhusu kung'oka, mara nyingi shida ni mvishaji, anaweka pembeni mwa sikio, inatakiwa katikati, kati ya zile mbavu mbili za gegedu, yaani mistari miwili migumu ya sikio, mbali na mishipa ya damu. Sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010 ila usumbufu wa porini nadhani walioiandika hawakuuona. Lile sikio lililochanika acha lipone, tumia la pili.