Kabla hujamchagua msimamizi wa uzamivu
Dadangu wa Likoni, umeuliza kama mtafiti mwenye makala 90 kuhusu ukuaji wa moyo atakufaa kuwa msimamizi wako. Idadi isikubabaishe. Ingia PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba na baiolojia, utazame jina lake limekaa wapi katika orodha ya waandishi: katika baiolojia, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeshika kazi ya maabara, wa mwisho ndiye mkuu wake. Kisha fuata jeni moja. NKX2-5, kwa mfano, ilihusishwa na kasoro za moyo za kuzaliwa mwaka 1998. Yeye ameongeza nini tangu hapo? Na wanafunzi wake, majina yao hutangulia? Hilo ndilo ningelitazama kuliko yote. Mwandikie mmoja wao kabla hujatuma maombi, tafadhali, mamangu. Miaka minne ni mingi.