Rubani Mchanga na Ndege ya Kasi: Jibu kwa Msomaji Mwenye Saa 90

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja aliyepata leseni yake ya urubani binafsi mwaka huu. Ana saa 90 angani, karibu zote katika ndege ya kujifunzia yenye injini ya nguvu farasi 160, na sasa amepata nafasi ya kununua, kwa ubia na wenzake wawili, ndege ya injini moja yenye nguvu farasi 300, magurudumu yanayokunjwa na propela inayobadilishwa pembe. Aliniuliza swali moja tu: itamchukua saa ngapi kuizoea? Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kwa sababu miaka kumi na miwili iliyopita ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, na kwa sababu jibu nililopewa wakati ule lilinigharimu ndege, rafiki, na karibu mwaka mzima wa kukaa chini nikitazama wenzangu wakiruka.

Nilikuwa na saa 118. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo: nilipita mtihani wa leseni mara ya kwanza, na mtahini alisifu utuaji wangu mbele ya wanafunzi wengine. Sifa zile zilikuwa za haki. Kosa langu lilikuwa kuzihamisha kutoka ndege moja hadi nyingine, kana kwamba ustadi ni kitu anachotembea nacho rubani mfukoni, ilhali sehemu kubwa ya ustadi ule ilikuwa ni mwendo wa pole wa ndege yenyewe, uliokuwa ukinipa muda wa kukosea na kusahihisha kabla mtu yeyote hajagundua.

Mwalimu niliyepewa kwa ajili ya ndege mpya alinirusha saa tano kwa siku mbili, katika hali ya hewa tulivu, tukizunguka uwanja uleule na kutua tena na tena, kisha akatia saini kitabu changu. Sheria hazikuvunjwa. Nchini Marekani, kwa mfano, rubani anayetaka kurusha ndege yenye injini ya zaidi ya nguvu farasi 200 anahitaji idhini ya maandishi ya mwalimu, na anahitaji idhini nyingine kwa ndege yenye magurudumu ya kukunja, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ili ndege iruke polepole) na propela ya kubadili pembe, lakini kanuni haisemi ni saa ngapi. Inamwachia mwalimu aamue. Wangu aliamua kwamba tano zinatosha. Nilimuuliza kama tusingefanya safari moja ndefu pamoja, naye akanijibu kwamba safari ndefu ni kunyoosha mstari tu, hakuna la kujifunza pale. Maneno hayo bado yananiuma, maana yale yote yaliyonipata yalianzia kwenye mstari huo ulionyooka.

Safari yangu ya tatu bila mwalimu nilimchukua rafiki yangu wa tangu utotoni. Tulipanda hadi futi 9,500, na ndege ikatulia kwenye noti 165, yaani maili 165 za baharini kwa saa, mwendo ambao sikuwahi kuufikia. Nilijawa na furaha ambayo hata leo siwezi kuieleza sawasawa. Katika ndege ya kujifunzia, iliyokuwa ikienda noti 110, nilizoea kuanza kushuka nikiwa maili 30 kutoka uwanjani, na siku ile pia nilianza kushuka nikiwa maili 30. Sikupiga hesabu yoyote. Mkono ulitenda kwa mazoea.

Tupige hesabu hiyo sasa, kwa sababu ndiyo kiini cha ninachotaka kusema. Nilikuwa na futi 8,000 za kupoteza ili nifike kwenye mzunguko wa uwanja, yaani njia ambayo ndege huizunguka kabla ya kutua. Kwa kushuka futi 500 kila dakika, hizo ni dakika 16. Kwa noti 110, dakika 16 ni maili 29 hivi, na ndiyo maana mazoea yangu yalikuwa sahihi kwa miezi yote ile. Lakini ndege nyororo, isiyozuiwa sana na hewa, yenye magurudumu yaliyokunjwa, haishuki kwa mwendo uleule iliokuwa nao juu. Pua ikiinama kidogo tu, kasi inapanda, na muda si mrefu nilikuwa nikienda noti 180, yaani maili tatu kila dakika. Kwa mwendo huo, dakika 16 ni maili 48. Nilikuwa nimechelewa kwa maili 18, na sikujua kwamba nimechelewa.

Nilipojua, nilifanya anachofanya kila rubani mchanga: niliinamisha pua zaidi. Mshale wa kasi ukaingia kwenye eneo la manjano, ambalo haliruhusiwi isipokuwa hewa ikiwa shwari kabisa, nasi tulikuwa tukiingia kwenye misukosuko ya alasiri chini ya mawingu. Nilitaka kuteremsha magurudumu ili yanisaidie kupunguza mwendo, lakini nilikuwa nimepita kasi inayoruhusiwa kuyateremsha. Nilitaka flapu, nazo zilikuwa na mpaka wake ulio chini zaidi. Kila kifaa cha kunipunguzia kasi kilinitaka kwanza niwe nimepunguza kasi. Maji yalikuwa yamezidi unga tangu maili 48 kutoka uwanjani, wakati mimi na rafiki yangu tulipokuwa tukipiga picha za mawingu.

Nilivuka mwanzo wa njia ya kurukia nikiwa na noti 95 badala ya 80. Noti 15 zinaonekana kidogo, lakini nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ndege yangu ilikuwa imebeba nishati zaidi kwa takribani asilimia 40 kuliko iliyotakiwa. Ndege haikutaka kukaa chini. Ilielea na kuelea, njia ikawa inaisha mbele yangu, nami nikailazimisha. Gurudumu la mbele likagusa kwanza, ndege ikadunda, nikasukuma pua, ikadunda tena kwa nguvu zaidi, na baada ya mdundo wa tatu nikaamua kughairi kutua na kupaa upya. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila nilikuwa nimeuchelewesha mno, na utekelezaji wake sikuwahi kufundishwa katika ndege ile. Nilisukuma wenzo wa nguvu hadi mwisho kwa pigo moja. Nguvu farasi 300 zikaamka kwa mwendo mdogo na pua ikiwa juu. Ndege ikajipinda kushoto, bawa la kushoto likashuka, mguu wangu wa kulia ukachelewa kukanyaga pedali ya kuirudisha, na tukatoka nje ya njia ya kurukia tukiwa upande upande. Gurudumu la mbele lilivunjika, propela ikakunjika, na mkono wa rafiki yangu ukavunjika mahali pawili.

Mwalimu yule aliwaambia watu uwanjani kwamba mimi nilipewa mafunzo kamili. Sikumjibu wakati ule, na sitamtaja leo. Rafiki yangu alipona mkono, lakini hajapanda ndege ndogo tena, na mazungumzo yetu hayajarudi kuwa yale ya zamani.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka msomaji wangu aone kwamba mikono yangu haikuwa tatizo. Mtu aweza kujifunza kuishika ndege ya kasi kwa siku mbili, kwa kweli ni rahisi kuliko anavyodhani, na urahisi huo ndio mtego wenyewe. Kinachochelewa ni akili. Waalimu husema rubani anapaswa kuwa mbele ya ndege; katika ndege ya pole unaweza kuwa nyuma yake kidogo na ukaifikia tena, lakini kwa maili tatu kila dakika, rubani aliyeachwa nyuma haifikii mpaka isimame, na atakuwa na bahati ikisimama salama.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: amua mambo ya kutua ukiwa bado juu. Piga hesabu ya kushuka kabla ya kuondoka ardhini, iandike kwenye karatasi iliyo gotini mwako, kisha anza kushuka mapema kuliko karatasi inavyosema. Punguza nguvu kwanza, kasi ishuke ndege ikiwa bado imelala sawa, ndipo uinamishe pua. Jifunze kwa moyo ni nguvu kiasi gani ya injini inakupa mwendo gani, kwa sababu katika ndege hizi kasi hupangwa, haibahatishwi. Kama hukufika kwenye mzunguko ukiwa na kasi na kimo unachotaka, usiingie. Zunguka nje, poteza mwendo, urudi. Hakuna aliyewahi kuumia kwa kuchelewa kutua dakika tano akiwa na mafuta ya kutosha.

La pili ni kughairi kutua. Lifanyie mazoezi na mwalimu kwenye kimo cha juu, ndege ikiwa na magurudumu na flapu chini na ikiwa imepangwa kwa kutua, mpaka mguu wa kulia uende wenyewe pamoja na mkono. Nguvu iongezwe kwa ulaini, kwa muda wa sekunde mbili au tatu, na usukani usukumwe mbele kwa uthabiti, kwa sababu mpangilio uliokusaidia kutua sasa utaipandisha pua mpaka mabawa yaache kunyanyua. Katika ndege yako ya sasa unaweza kufanya jambo hili ovyo likakubalika. Katika ndege ya nguvu farasi 300 halikubaliki.

La tatu ni mawingu na giza, na hapa sitapunguza maneno. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kilifanya jaribio lililowahusisha marubani 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mishale ya ndani bila kutazama nje, wakarushwa katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, 19 kati yao wakiingia katika mzunguko wa kuporomoka, na wastani wa muda uliopita kabla ya hapo ulikuwa sekunde 178. Ndege iliyotumika ilikuwa Beechcraft Bonanza, ndege ya kasi ya zama zile, iliyoingia sokoni mwaka 1947 na baadaye kubandikwa jina la muuaji wa madaktari, kwa sababu watu wenye uwezo wa kuinunua, kama madaktari, hawakuwa lazima wawe na saa za kuimudu. Ndege nyororo ikiinamisha bawa na pua kwa pamoja hukusanya kasi kwa sekunde chache, na rubani anayevuta usukani bila kwanza kusawazisha mabawa hukaza mzunguko na kuibebesha ndege mzigo ambao mabawa na mkia havikuumbwa kuubeba.

John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa Marekani, alikufa mwezi Julai mwaka 1999 pamoja na mkewe na shemeji yake, akirusha Piper Saratoga ya nguvu farasi 300 usiku, juu ya bahari yenye ukungu, akielekea kisiwa cha Martha's Vineyard nchini Marekani. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza udhibiti wa ndege kwa kupotewa na hisia ya mwelekeo. Sheria ilimruhusu kuruka usiku ule, kama ilivyoniruhusu mimi alasiri yangu, na kama itakavyokuruhusu wewe. Usiifanye ruhusa kuwa ushauri. Ndege ya kasi hukupeleka katika hali nyingine ya hewa kabla hujamaliza kuitafakari ile uliyoiacha, na otopailoti, yaani mtambo wa kuirusha ndege yenyewe, usiyoijua vizuri itakushughulisha vidole wakati unapohitaji macho. Hata parachuti ya ndege nzima, kama iliyo kwenye Cirrus SR22, ambayo imeokoa watu wengi, haijifungui yenyewe. Inamngoja rubani aamue mapema, na uamuzi wa mapema ndio hasa unaompotea aliyeachwa nyuma na ndege.

Nilirudi angani baada ya miezi kumi na moja. Nilitafuta mwalimu mwingine, mwanamke mkimya aliyekuwa amefundisha katika ndege za aina ile kwa miaka mingi, na kwa saa sita za mwanzo hakuniruhusu kutua hata mara moja. Tulipanda, tukashuka, tukapunguza mwendo, tukaongeza, tukaghairi utuaji wa kubuni juu angani, mpaka nikaanza kuiona ndege ilipo dakika tano mbele. Niliruka naye saa 25, safari tatu ndefu zikiwemo, na kibali changu cha vyombo nilikipata katika ndege ya aina ileile. Leo nina zaidi ya saa 1,400, nyingi katika ndege za kasi, na mwezi uliopita nilitua katika upepo wa pembeni ambao zamani ungenitoa jasho, nikiwa kwenye kasi niliyoipanga maili 50 kabla. Ninajivunia saa hizo, kwa kuwa nimezipata kwa gharama.

Kwa hiyo, ndugu yangu, swali lako la saa ngapi nalijibu kwa nilichofanya mara ya pili: saa 25 na mwalimu anayeijua ndege hiyo hasa, kisha saa 20 peke yako bila abiria, mchana tu, kwenye njia za kurukia zenye urefu mara mbili ya ule unaotajwa na kitabu cha ndege, na kibali cha vyombo kabla ya mwaka kwisha. Kabla hujatia saini mkataba wa ubia, waonyeshe wenzako wawili orodha hii na uwaulize kama wataikubali iandikwe ndani ya mkataba, kwa wote watatu. Wakisema ni nyingi mno, bakia na ndege yako ya nguvu farasi 160, uniandikie tena mwaka kesho.