Wasomaji Wauliza: Valvu za Ubavuni

SWALI: Nimefungua injini ya Ford Model T, gari la miaka ya 1908 hadi 1927. Silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) haina valvu hata moja. Zote zimesimama kwenye bloku, ubavuni mwa silinda. Kwa nini? Na tapeti (vijiti vinavyosukuma valvu) zisizo na skrubu ya kurekebishia hurekebishwaje?

JIBU: Kwa mpangilio huo kamshafti (mhimili unaoinua tapeti) hukaa chini, tapeti husukuma valvu moja kwa moja, na juu hakuna roka (mkono wa kubonyeza valvu) ya kutiwa oili. Valvu ikikwama wazi, pistoni haiigongi. Hasara yake ni chemba ya kuwakia mafuta iliyopanuka kwenda ubavuni: moto husafiri mbali na mgandamizo huwa mdogo, kama 4 kwa 1. Ndiyo maana lita 2.9 zilitoa nguvu za farasi 20 tu. Lakini petroli ya wakati ule ingegonga, yaani kulipuka yenyewe, kwa mgandamizo mkubwa, kwa hiyo uamuzi ule ulikuwa wa busara.

Kuhusu tapeti, saga valvu kwanza, ndipo upime nafasi iliyopo kati ya tapeti na mguu wa valvu. Ukigeuza utaratibu huo utairudia kazi, kwa sababu kila unaposaga, valvu huzama kwenye siti yake (pale inapokaa ikifunga) na nafasi hupungua. Ziba silinda kwa kitambaa, kisha futa dawa yote ya kusagia. Chembe zake hula silinda. Zungusha injini mpaka tapeti ifike chini kabisa. Nafasi kati yake na mguu wa valvu iwe kati ya inchi 1/64 na 1/32, yaani takriban milimita 0.4 hadi 0.8. Ikiwa ndogo, bana springi, chomoa pini, toa valvu na upige tupa mwisho wa mguu. Punguza kidogo kidogo, na uso ubaki pembe mraba na mguu. Ukiwa mshazari, tapeti itausukuma mguu upande na kula tundu linaloongoza mguu huo.

Usiache nafasi ndogo mno, hasa kwa valvu ya eksozi. Mguu ukipata joto hurefuka, valvu haifungi, na moto hupenya na kuunguza ukingo wake. Nafasi ikizidi, valvu hupiga kelele, huchelewa kufunguka na huwahi kufunga. Hapo tupa haisaidii: weka valvu mpya au tapeti zenye skrubu.

SWALI: Injini yenye kamshafti kila upande wa bloku, je, ni ya valvu za juu?

JIBU: Kwa magari ya miaka ile, mara nyingi siyo. Valvu za kuingiza ziko upande mmoja, za eksozi upande wa pili, na chemba ina umbo la herufi T. Rekebisha pande zote mbili.