Tone Moja la Kemikali Halitoshi Kuitambua Kuvumwani

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza kujifunza kuvumwani, au likeni kama wengine wanavyoziita, ni kwamba asitafute kemikali yoyote kabla hajapata lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 pamoja na wembe mkali. Majaribio ya rangi, yaani kudondosha kemikali na kuangalia rangi inayotokea, yanavutia mno, na mvuto huo ndio unaowafanya wengi watoe jina la spishi kwa kutegemea rangi peke yake. Kwa jinsi ninavyoifahamu kazi hii, kemia ni shahidi mzuri pale tu unapojua umeweka tone katika tabaka gani, na baada ya kulichunguza umbo kwanza.

Kuvumwani si mmea. Ni kuvu inayoishi pamoja na mwani wa kijani, au na sianobakteria, au na vyote viwili, na mwenzi huyo ndiye anayetengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipolitoa wazo hilo mwaka 1867, wataalamu wengi walilikataa, akiwamo William Nylander, yule yule aliyeanzisha majaribio ya kemikali tunayoyatumia hadi leo. Jina la kisayansi tunaloandika kwenye lebo ni la kuvu peke yake, kwa kuwa mwani una jina lake. Spishi zinazojulikana ni takriban 20,000. Karibu zote ni za kundi la Askomikota, na chache tu ni za Basidiomikota, ambamo uyoga mwingi unaoliwa umo.

Vitabu vya kuanzia huzigawa kuvumwani katika maumbo matatu, yaani zile zilizogandamana na jiwe au gome, zenye umbo la majani, na zenye matawi kama kichaka kidogo. Mgawanyo huo unafaa ukiwa porini, ila usiuchukulie kuwa ni ukoo, kwa sababu tabia ya kuishi na mwani imezuka zaidi ya mara moja katika historia ya kuvu. Hata umbo linaloonekana kuwa la spishi moja laweza kuficha nyingi: jenasi ya Cora, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa na spishi moja tu, ilionyeshwa mwaka 2014 kwa uchambuzi wa DNA kuwa na spishi 126.

Sasa tuje kwenye matone. Mawili ya kawaida ni K, ambayo ni mmumunyo wa haidroksaidi ya potasiamu, na C, ambayo ni klorini ya kung'arishia nguo isiyotiwa manukato. Chukua Parmelia sulcata, kuvumwani ya kijivu yenye umbo la majani. Ukiweka K juu ya ngozi yake ya nje, itageuka manjano, kwa sababu ya kemikali yake iitwayo atranorini. Ukiikwangua ngozi hiyo taratibu kwa ncha ya wembe hadi uone nyuzi nyeupe za ndani, kisha ukaweka K hapo, utaona manjano ambayo baada ya muda mfupi huwa nyekundu kama damu, kwa sababu tabaka hilo lina asidi ya salazini. Anayeweka tone juu tu na kuandika “manjano” amesoma nusu ya jibu, na huenda nusu hiyo ikampeleka kwenye spishi nyingine kabisa.

Jibu la C linahitaji jicho lililo tayari. Penye asidi ya girofori, wekundu hutokea na kupotea ndani ya sekunde chache, hivyo lenzi iwe jichoni kabla tone halijagusa. Klorini pia huisha nguvu ikikaa. Ijaribu kwanza kwenye kielelezo unachojua kuwa hugeuka chekundu, la sivyo ukimya wake hauna maana. K huunguza ngozi na macho, na klorini isichanganywe kamwe na asidi. Kuhusu kemikali ya tatu ya majaribio haya, P, yaani parafenilinidiamini, maoni yangu ni kwamba ni sumu isiyofaa kuwekwa nyumbani, basi waachie wenye maabara.

Hata jibu lililo sahihi halimalizi mjadala. Baadhi ya vielelezo vya Pseudevernia furfuracea vina asidi ya olivetori na hugeuka vyekundu kwa C. Vingine vina asidi ya fisodi na havigeuki, ilhali kwa macho havitofautiani. Wapo walioviita spishi mbili. Mimi naona inatosha kuandika kemia kwenye lebo na kuacha jina moja. Kisa cha kuvumwani za jenasi ya Bryoria za Amerika Kaskazini kinanipa tahadhari zaidi: aina ya kahawia na ile ya manjano yenye sumu ya asidi ya vulpini zilikutwa na kuvu ile ile na mwani ule ule, na mwaka 2016 mtafiti Toby Spribille na wenzake wakaonyesha kwamba ngozi zake zina chachu ya Basidiomikota, iliyo nyingi zaidi katika ile ya manjano. Tena, vidoa vyeusi unavyoviona juu ya kuvumwani huenda si vikombe vyake vya spora, bali ni kuvu nyingine inayoishi juu yake. Usivikwangue pamoja na sampuli yako.

Baadhi ya kuvumwani za mawe hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo chukua kipande kidogo na ulifanye jaribio kwenye chembe uliyoitenga, si kwenye kielelezo chenyewe. Hifadhi kielelezo kikiwa kikavu ndani ya bahasha ya karatasi, na juu yake usiandike “K+” (yaani K imebadili rangi) pekee, bali “ndani, K: manjano kisha nyekundu”, pamoja na tarehe ya jaribio.