Mwalimu, hesabu hadi tatu

Mwalimu mwenzangu uliyeajiriwa juzi huku Kakamega, kabla ya kujisajili kwa kozi ya mtandaoni, ijue mvua yetu. Hunyesha alasiri, na stima mara nyingi hupotea radi ya kwanza ikipiga. Kipindi cha mtandaoni cha moja kwa moja saa kumi na moja jioni, chini ya bati, hakisikiki hata simu ikiwa sikioni. Mimi hupakua video na makala alfajiri, kisha nazisoma sebuleni bila kumaliza bando.

Kozi za kulipia, uliza kwanza kama cheti chake kinatambuliwa na TSC, tume inayoajiri walimu. Za KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ziko kwenye jukwaa lake la mtandaoni, Elimika.

Nilianza masomo haya shule zilipofungwa Machi 2020. Nilikusanya vyeti, faili ikajaa, na shule zilipofunguliwa nikafundisha vile vile nilivyozoea. Hilo linaniuma hadi leo, maana wanafunzi wangu hawakupata chochote.

Kilichonigeuza ni somo fupi kuhusu kungoja. Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida haukufika hata sekunde 2. Walipojizuia kwa sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokosa la kusema wakapungua.

Kesho yake, Gredi ya 4, nikauliza: nusu ya chapati na theluthi yake, ipi kubwa? Mikono ya wale watano wa kila siku ikapaa. Nikanyamaza. Moja, mbili, tatu, nne. Sekunde hizo ni ndefu ajabu ukitazamwa na watoto 60! Msichana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sikuwa nimeisikia sauti yake, akainua mkono taratibu. "Nusu, mwalimu. Theluthi ni ndogo kwa sababu tunagawana tukiwa watatu." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hivyo chukua kozi moja, uchote jambo moja, ulijaribu wiki hiyo hiyo, na uandike daftarini kilichotokea. Na usisome peke yako. Mwenzangu wa Gredi ya 5 huketi nyuma ya darasa langu kila Ijumaa, ananihesabia sekunde. Wiki jana nilikata kimya mapema mara sita, zote nikiwa nakimbizana na kengele. Tumeamua kipindi kijacho niulize maswali manne tu.