Jibu: Ubunifu si kuchora na kuimba tu

Dada, umeuliza kwa nini wanachuo wa ualimu wa chekechea wakisikia neno ubunifu hukimbilia kuchora na kuimba. Nimewakagua wengi kwenye mazoezi ya kufundisha huku Mbale, Uganda, na naona wanafundisha vile walivyofundishwa. Mmoja alichora nyumba ubaoni, watoto wote wakainakili. Aliyeweka mlango juu ya paa akaambiwa afute. Iliniuma sana! Huyo ndiye aliyekuwa amefikiri; angeulizwa tu nani anaingilia huko juu.

Mwongozo wa kitaifa wa watoto wa miaka 3 hadi 6, uliotoka 2005, unataka wajifunze kwa kucheza. Lakini wazazi wengi wanataka daftari lililojaa herufi na hesabu, na mwanachuo anaogopa kuonekana anapoteza muda. Kisingizio cha vifaa sikikubali: maganda makavu ya mgomba yamejaa kote, vizibo vya soda pia.

Wape wanachuo wako vizibo 20 kila mmoja kabla hawajaenda darasani, wacheze wenyewe bila maelekezo. Wakiona kila mtu katoka na kitu chake, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.