Cheti cha Msajili si msamaha wa TRA: maswali yenu kuhusu mashirika madogo

Barua za safari hii nyingi zinatoka Temeke na Ubungo, na nyingi zinaangukia pale pale: shirika limeshasajiliwa, viongozi wakaona shughuli imekwisha. Nimezifupisha, na majina nimeyaweka pembeni.

Shikamoo mhasibu. Shirika letu hapa Mbagala linafundisha mabinti ushonaji, na cheti cha NGO tunacho tangu 2021. Sasa TRA, mamlaka ya mapato, wanatuuliza ritani, wakati sisi hatugawani faida hata shilingi. Tunadaiwa nini?

Marahaba. Mnadaiwa ritani kwanza, yaani taarifa ya mapato ya mwaka. Kama mnadaiwa na kodi, hilo litajulikana baadaye. Cheti chenu kimetolewa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, naye yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Msajili hana mamlaka ya kumsamehe mtu kodi. Kodi inaongozwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na kwa sheria hiyo shirika ni mlipakodi kama wengine mpaka Kamishna wa TRA atoe uamuzi wa maandishi kwamba ninyi ni shirika la hisani. Uamuzi huo hauji wenyewe. Mnauomba, mkiambatisha katiba, cheti, hesabu na maelezo ya kazi. Anachotazama ni kama lengo lenu pekee ni kuwapunguzia watu umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za umma kama afya, maji na barabara. Kufundisha ushonaji mabinti walioacha shule kunaingia vizuri tu. Ila katiba nyingi ninazoletewa zimejazwa malengo kumi na tano, humo "uwekezaji" na "biashara mbalimbali", na hapo ndipo ombi linapokwama. Zisafisheni kabla ya kwenda.

Mkishaipata hadhi hiyo bado ritani ni lazima, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wenu wa hesabu kuisha, na makadirio ya kodi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka huo. Misaada mliyopokea inaingizwa kwenye mapato. Kisha mnatoa kilichotumika kwa malengo, na juu yake sheria inawapa nafuu ya asilimia 25 ya pato. Kinachobaki ndicho hutozwa, kwa asilimia 30. Kwa hiyo sare za shule mnazouza Rangi Tatu kila Januari si kosa, mradi pesa yake ionekane imerudi kwenye vyerehani na vitambaa vya mafunzo. Mkitaka kuiweka akiba miaka miwili mpaka mjenge karakana, mwombeni Kamishna kibali kwanza. Pesa iliyolala benki bila maelezo ndiyo inayowaponza watu wema.

Mwaka mzima hatukupata mfadhili wala hatukufanya chochote. Tunyamaze?

Hapana. Pelekeni ritani ya sifuri TRA, na taarifa ya mwaka kwa Msajili pamoja na ada. Adhabu ya kuchelewa huhesabiwa kila mwezi, na mashine haijui kwamba mlikuwa mmelala.

Mwenye nyumba wetu Sinza, mzee wa heshima zake, anataka 600,000 kwa mwezi, miezi sita mkupuo, "mkononi, bila makato". Mhazini anasema tukate asilimia kumi. Tumsikilize nani?

Msikilizeni mhazini. Shirika likilipa pango linakata kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Miezi sita ni 3,600,000: mzee anapata 3,240,000, TRA 360,000. Msipokata, sheria inawageukia ninyi kana kwamba mlikata. Mtailipa toka mfukoni, kisha muanze kumfukuzia mzee, na mnajua mtakavyopokelewa.

Njia ya amani ni kumpa cheti cha zuio na kumweleza kwamba ile pesa imelipwa TRA kwa jina lake. Wengi hulainika wakiona karatasi yenye TIN yao, namba ya mlipakodi. Akikataa kata kata, na nyumba mnaipenda, andikeni mkataba wa 4,000,000 kwa miezi sita. Mkikata 400,000, anabaki na 3,600,000 yake kamili. Maana yake shirika ndilo linalobeba, kwa hiyo bajeti ya mfadhili iseme hivyo tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, kwa shirika dogo hiyo ni bei mbaya. Tafuteni nyumba nyingine. Mkataba wenyewe una ushuru wa stempu wa asilimia moja, msiusahau.

Mshauri mliyemlipa kuandika andiko la mradi naye anakatwa zuio, asilimia 5.

Tuna vijana wanne "wa kujitolea", kila mwezi tunawapa posho 400,000. Hao si waajiriwa, au?

Anaingia saa mbili, anatoka saa kumi, analipwa tarehe ile ile kila mwezi, akikosa siku anakatwa. Mkimwita wa kujitolea, TRA na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, watamwita mfanyakazi. Nauli iliyorudishwa kwa kumbukumbu si mshahara. Hiyo laki nne ni mshahara.

Hesabu haitishi. NSSF ya kijana ni 40,000, nanyi mnaongeza 40,000. PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 360,000 iliyobaki: 270,000 za kwanza hazina kodi, 90,000 zinazozidi zinakatwa asilimia 8, yaani 7,200. Mfuko wa fidia, WCF, ni nusu asilimia, 2,000, nayo ni yenu, msimkate kijana. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, inawahusu waajiri wenye watu 10 au zaidi, hivyo bado haijawafikia. Kwa kila kijana shirika linaongeza 42,000 juu ya mshahara. Iwekeni kwenye bajeti ya andiko lijalo. Mfadhili anayejua kazi yake hatashangaa.

Sisi ni akina mama 20 wa Tandale, tunachangishana na kukopeshana. Tusajili NGO?

La. Mnanufaisha wanachama, si umma. Nendeni halmashauri ya Kinondoni msajiliwe kama kikundi cha huduma ndogo za fedha chini ya sheria ya 2018.

Tumesaini mkataba wa milioni 25 na mfadhili wa nje tarehe 3 mwezi huu. Mwenyekiti anasema taarifa tutatoa mwisho wa mwaka.

Mwenyekiti anachanganya mambo mawili. Taarifa ya mwaka ipo, ni kweli. Lakini Kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba wowote unaozidi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi tangu kusainiwa. Kama hamjui pa kuanzia, nendeni na nakala kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, yeye ndiye msajili msaidizi. Barua yenu imenifikia tarehe 9. Mna siku nne.